Matibabu kwa wote Uganda: nani alipe, na kwa mfuko upi?

Swali: "Ninauza nguo za mitumba mjini Busia, upande wa Uganda. Mwaka huu mama yangu alianguka akavunjika nyonga. Katika hospitali ya serikali hatukulipia kitanda wala daktari, lakini tuliandikiwa kwenye kikaratasi vyuma vya kuungia mfupa, nyuzi, glavu na dawa, tukaambiwa tununue nje. Tuliuza ng'ombe na bado tukakopa. Wenzangu wa upande wa Kenya wana SHA, bima ya afya ya serikali yao, na wao pia wanalalamika. Sasa nasikia bima ya afya ya taifa itarudishwa Bungeni kwetu. Mimi tayari nalipa ushuru wa soko, leseni na kodi ya pesa za simu. Je, tutatozwa tena? Serikali ikikomesha wizi, si pesa zitatosha? Na kikundi chetu cha akiba, wanawake thelathini, kinataka kuanzisha bima yake. Tuanze au tusubiri?"

Dada yangu, pole sana kwa yaliyompata mama, na ninaomba mguu wake uendelee kupona. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja: nchi itapata wapi pesa za kumtibu kila mtu, na ninyi thelathini mfanye nini kabla nchi haijafika huko. Nitayajibu kwa mpangilio huo, na msimamo wangu nautaja mapema ili unisome ukiujua. Uganda haiwezi kugharimia matibabu ya wote kwa michango ya wauza mitumba na waendesha boda boda. Sehemu kubwa ya mzigo lazima ibebwe na kodi za jumla, na michango ya bima ije kama nyongeza juu yake. Kuhusu kikundi chenu, nawashauri msianzishe bima ya peke yenu, ingawa pesa mnazotaka kuzichanga zina kazi nzuri ya kufanya.

Tuanze na kikaratasi mlichopewa, kwa sababu kinaeleza hali yetu vizuri kuliko ripoti nyingi. Ada za wagonjwa zilifutwa katika vituo vya serikali mwaka 2001, zikabaki katika wodi za kulipia za hospitali. Matokeo yake yalionekana haraka: watu waliokuwa wakijitibu kwa mizizi au kwa vidonge viwili vya dukani walianza kufika vituoni, na walioongezeka zaidi walikuwa maskini. Sitaki mtu yeyote alidharau jambo hilo, maana kuna watoto walioishi kwa sababu yake. Hata hivyo, ada ilipoondoka gharama ilibaki palepale. Dawa ziliisha upesi kwa kuwa wagonjwa waliongezeka kuliko bajeti, na uchunguzi uliofanywa miaka iliyofuata ulionyesha kwamba idadi ya kaya maskini zilizoelemewa na gharama za ugonjwa haikupungua. Malipo yalihama kutoka dirisha la hospitali kwenda duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara. Mjamzito anayekuja kujifungua akiwa amebeba glavu, pamba, wembe na karatasi ya plastiki kwenye mfuko analipa ada ileile kwa njia nyingine, na mama yako aliyenunuliwa vyuma vya nyonga amelipa ada kubwa kuliko hata zile zilizofutwa.

Katika fani yetu ya kugharimia afya tunayaita hayo malipo ya mfukoni, yaani yale yanayotoka kwa mgonjwa wakati uleule anaougua. Ndiyo njia mbaya kuliko zote za kugharimia afya, na ubaya wake hautokani na kiasi peke yake. Ugonjwa huja bila taarifa, humwangukia mtu mmoja kwa mwaka huku tisa wakisalimika, na humkuta siku ambayo hana nguvu ya kufanya kazi. Mkimwachia alipe peke yake siku hiyo, atauza ng'ombe kwa bei ya kutupa au atakopa kwa riba ya kumnyonga. Kila mfumo wa matibabu kwa wote duniani, uitwe bima, uitwe mfuko au uitwe huduma ya serikali, una kazi tatu zilezile: kukusanya pesa watu wakiwa wazima, kuziweka katika mfuko mmoja mkubwa unaowachanganya wazima na wagonjwa, matajiri na maskini, kisha kununua huduma kwa ajili ya yule anayehitaji. Mabishano yote unayoyasikia Kampala na Nairobi ni mabishano kuhusu namna ya kufanya kazi hizo tatu. Ya kwanza ndiyo inayopigiwa kelele zaidi, na ya tatu, ambayo ndiyo iliyomwacha mama yako bila vifaa, husahauliwa.

Sasa nirekebishe dhana nne ambazo nazisikia kila mahali, mbili kati yake zikiwa katika swali lako.

Ya kwanza ni kwamba watu wa sokoni hawalipi kodi, kwa hiyo ni lazima watafutiwe namna ya kuchangia. Wewe mwenyewe umeikanusha, na nakuunga mkono. Unaponunua bidhaa yenye kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 inaongezwa juu ya bei: kati ya shilingi 118,000 unazotoa, 18,000 ni za serikali. Ukitoa pesa kwenye simu unakatwa asilimia 0.5, yaani shilingi 5,000 kwa kila milioni. Kodi hiyo ilianza Julai 2018 ikiwa asilimia 1 kwa kila muamala, watu wakapinga, ikapunguzwa mwaka huohuo na kuachwa kwenye kutoa pesa tu. Mwendesha boda boda analipa zaidi ya shilingi 1,400 za ushuru kwa kila lita ya petroli. Hamna hati ya malipo ya kodi mkononi, lakini mmekuwa mkilipa miaka yote. Kwa hiyo mtu akisema bima ndiyo itakayowafanya walio nje ya ajira rasmi waanze kuchangia afya, mwambie kwa upole kwamba mlishaanza.

Ya pili ni kwamba bima huleta pesa mpya. Tufanye hesabu pamoja, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha suala. Muswada wa bima ya afya ya taifa ulipitishwa na Bunge Machi 2021 lakini haukutiwa saini kuwa sheria. Tuseme ungerudi ukiwa na mchango wa jumla wa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri na mfanyakazi wakigawana. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hukata asilimia 15 ya mishahara ya wanachama wake, 10 kutoka kwa mwajiri na 5 kutoka kwa mfanyakazi, na katika miaka ya karibuni michango hiyo imekuwa karibu shilingi trilioni 2 kwa mwaka. Asilimia 5 ya mishahara hiyohiyo ni theluthi yake, yaani bilioni 600 na kitu. Watumishi wa umma wako nje ya NSSF, na mishahara yao inazidi trilioni 7. Asilimia 5 yake ni takriban bilioni 350 au 400, ingawa sehemu ya mwajiri hapo ingetoka katika kodi zilezile. Kwa ukarimu wote, tumefika karibu trilioni 1. Bajeti ya afya ya mwaka wa fedha 2025/26 ni takriban trilioni 5.9, na sensa ya 2024 ilihesabu watu karibu milioni 46. Ukigawa ile trilioni moja kwa watu wote, kila mmoja anapata kama shilingi 22,000 kwa mwaka. Sisemi ni kidogo kiasi cha kutupwa. Nasema haiwezi kuwa nguzo ya nyumba.

"Basi wengine pia wachange," utasikia. Hapa ndipo nchi nyingi zilipokwama. Serikali ilipoanzisha mwaka 2022 mpango wa PDM, wa kupeleka pesa za maendeleo hadi ngazi ya parokia, yaani eneo dogo la utawala, ilisema asilimia 39 ya kaya ziko katika uchumi wa kujikimu, yaani hutumia karibu vyote zinavyozalisha na haziuzi kitu cha maana. Kaya ya namna hiyo haina mshahara wa kukatwa, na haina mwezi wenye kipato cha uhakika. Kumfuata mkulima wa mihogo Pallisa ili akupe mchango wa mwaka kunaweza kugharimu karibu sawa na mchango wenyewe. Ukiufanya uandikishaji kuwa wa hiari, wanaokuja kwanza ni wale wanaojua kwamba wataugua: mwenye kisukari, mjamzito, mzee wa moyo. Hilo si kosa lao, hata mimi ningefanya hivyo. Lakini mfuko uliojaa wagonjwa hulazimika kupandisha mchango, wazima waliobaki huona hauna faida na kujitoa, mchango hupanda tena, na hatimaye mfuko hufa. Ukiufanya uandikishaji kuwa wa lazima, huna njia ya kumlazimisha asiyekuwa na hati ya mshahara isipokuwa kumfukuza kituoni akiwa mgonjwa, na hapo umerudisha ada zilizofutwa 2001 kwa jina lingine.

Wenzako wa ng'ambo ya mpaka wanapitia jambo hilohilo. Kenya ilikuwa na NHIF, mfuko wake wa zamani wa bima ya hospitali, tangu 1966. Oktoba 2024 ikaingia SHA, ambapo mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi bila kikomo cha juu, na asiye na mshahara anakadiriwa kipato chake kwa maswali kuhusu nyumba, mifugo na mali, mchango wa chini kabisa ukiwa shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Wenye mishahara hawana pa kukimbilia, wanakatwa. Wachuuzi walitakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, jambo lililowashinda wengi, hata ukaletwa utaratibu wa kukopeshwa mchango. Ninawaheshimu Wakenya kwa jambo moja walilolifanya sawasawa: huduma za zahanati na vituo vya afya waliziwekea mfuko wa kodi, bila kusubiri mwananchi awe amelipa mchango.

Rwanda, ambayo hutajwa kila siku kama mfano, ilifanikiwa kuwaandikisha watu wake wengi katika mutuelle, yaani bima ya afya ya jamii, na wanastahili sifa. Lakini wanaoisifu husahau kutaja mambo mawili. Serikali na wafadhili waliwalipia maskini kabisa, na viongozi wa mitaa walipimwa kwa idadi ya walioandikishwa, kwa msukumo ambao sijui kama kata zetu zingeuvumilia. Pia, michango ya wanavijiji haikutosha, na tangu 2020 kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 0.5 ya mshahara halisi kuusaidia mfuko huo. Ghana nayo, iliyoanzisha bima yake kwa sheria ya 2003, haikutegemea sana michango: sehemu kubwa zaidi ya mapato yake hutoka katika tozo ya asilimia 2.5 inayoandamana na kodi ya ongezeko la thamani. Thailand ndiyo iliyosema ukweli waziwazi kuliko wote. Ilipofika 2002 iliona kwamba kukusanya michango kwa wakulima ni kupoteza muda, ikawalipia wote walio nje ya ajira rasmi kutoka bajeti kuu, mgonjwa akiombwa baht 30 tu kwa kila safari ya hospitali. Haikuwa nchi tajiri wakati huo. Ilikuwa na hospitali za wilaya zinazofanya kazi, kwa sababu zilijengwa na kupewa wauguzi miaka mingi kabla ya kadi kutolewa.

Dhana ya tatu ni hiyo ya wizi. Wizi upo, unaua watu, na hasira yako ni ya haki. Dawa zenye mhuri wa serikali zimekamatwa zikiuzwa madukani, mishahara imelipwa kwa wafanyakazi hewa, na ndiyo maana tangu 2009 Ikulu ina kitengo maalumu cha kufuatilia huduma za afya. Ila nisingekuwa mwaminifu kama ningekuambia kwamba pesa zilizoibwa zinaweza kuandikwa katika bajeti ya mwakani kama mapato. Zinarudi polepole, kesi kwa kesi, na nyingine hazirudi. Isitoshe, hata kama kila shilingi ya ile trilioni 5.9 ingemfikia mgonjwa, ni kama shilingi 128,000 kwa kila Mganda kwa mwaka, ambazo lazima zilipe mishahara ya madaktari na wauguzi, chanjo, dawa za malaria, damu, umeme wa vyumba vya upasuaji na magari ya wagonjwa. Linganisha na bei ya vile vyuma vya nyonga ya mama yako. Tunahitaji kuziba matundu na kuongeza maji kwa pamoja, na atakayekuambia lifanyike moja kwanza ndipo jingine lifuate, ujue hatafanya lolote.

Ya nne, ambayo hukuitaja lakini inakuja kila ninapozungumza mambo haya, ni mafuta ya Ziwa Albert. Watu wanadhani yakianza kutoka, hospitali zitajaa dawa. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2015 inasema mapato ya petroli yatumike kwa miundombinu na miradi ya maendeleo, wala si kwa matumizi ya kawaida ya kila siku. Kwa lugha ya wodini, yanaweza kujenga jengo na kununua mashine, lakini hayawezi kumlipa muuguzi wa zamu ya usiku wala kununua dawa zake. Majengo bila wauguzi tunayo tayari.

Pesa zitoke wapi, basi? Nitasema ninachoamini baada ya miaka mingi ya kazi hii, na wenzangu wengine watapinga baadhi yake.

Kodi zote tunazokusanya Uganda ni karibu asilimia 13 au 14 ya pato la taifa. Mkakati wa serikali yenyewe wa 2019 ulilenga kufika kati ya 16 na 18. Pato la taifa limezidi trilioni 200, maana yake kila asilimia moja inayoongezeka ni zaidi ya trilioni 2. Tukifika 16 tu, ongezeko lake linakaribia bajeti nzima ya afya ya leo. Swali ni nani aongezewe, na hapo siyumbi: wasiongezewe wanaonunua sukari na sabuni. Kuna misamaha ya kodi inayotolewa kwa wawekezaji bila kupimwa kama ajira walizoahidi zilitokea. Kuna majumba ya kupangisha Kololo, Naguru na Muyenga jijini Kampala ambayo kodi yake ya serikali hailingani na kodi ya pango inayolipwa kwa dola. Kuna wenye taaluma wanaopata mamilioni kwa mwezi na hawaonekani popote, ilhali mwalimu hukatwa kodi ya mshahara kuanzia shilingi 235,000. Kuna tumbaku na pombe, ambazo kodi yake inaokoa pesa mara mbili, maana inapunguza pia wagonjwa. Ufilipino ilipandisha kodi hizo kwa sheria ya 2012, sehemu kubwa ya ongezeko ikaenda kwenye afya, na bajeti ya afya ikakua kweli.

Utauliza kama kodi maalumu ya afya, iliyofungiwa mfuko wake, isingekuwa salama zaidi. Natamani ingekuwa hivyo, lakini historia yetu inanitia wasiwasi. Mfuko wa Barabara uliundwa kwa sheria ya 2008 ili upokee tozo ya mafuta moja kwa moja, na badala yake uliendelea kutegemea mgao wa Hazina. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2014 ilianzisha mfuko wa kupata sehemu ya kodi za vinywaji, na miaka ikapita kabla haujawa na uhai. Ghana nayo iliweka kikomo mwaka 2017 kwa mifuko ya namna hiyo, bima ya afya ikiwemo, fedha za tozo zikabaki Hazina huku hospitali zikidai malipo yao. Mfuko maalumu ni ahadi, na ahadi hulindwa na watu wanaoifuatilia.

Kisha kuna upande wa vipaumbele, ambao ni mgumu kuusema lakini lazima usemwe. Aprili 2001 Abuja, marais wa Afrika, nchi yetu ikiwa miongoni mwa zilizoafiki, waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Bajeti yetu ya 2025/26 ni zaidi ya trilioni 72. Afya imepata takriban asilimia 8. Riba ya madeni pekee inachukua pesa nyingi kuliko afya. Wanaosema tusikope kamwe hawanishawishi, kwa sababu barabara na umeme huzaa kodi, lakini deni la leo ni dawa inayokosekana kesho, na mbunge anayepitisha mkopo anapaswa kuliona hivyo. Vivyo hivyo PDM: shilingi milioni 100 kwa kila parokia kwa mwaka, katika parokia zaidi ya 10,000, ni zaidi ya trilioni 1 kila mwaka. Sisemi zichukuliwe. Mtu aliyepewa milioni moja anunue nguruwe, kisha mtoto wake akaugua, atauza nguruwe. Bila kinga ya afya, pesa za PDM zinaishia kwenye duka la dawa, kama ng'ombe wako alivyoishia huko, na nadhani wapangaji wa mipango wangepaswa kuziangalia bajeti hizi mbili kama kitu kimoja. UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa 1997, ilitufundisha somo lilelile: ada ya shule iliondoka, chakula cha mchana, sare na karo ndogondogo zikabaki, na wanaoacha shule ni wale wasio na za kulipia hayo.

Haraka hii imeongezwa na jambo la nje. Kwa miaka mingi dawa za kupunguza makali ya VVU, vyandarua na sehemu kubwa ya chanjo vimelipiwa na wafadhili. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Wizara yetu ikaelekeza kliniki za VVU ziunganishwe na huduma za kawaida za hospitali. Nilikuwa nikiamini tuna miaka kumi ya kujipanga. Sasa miaka hiyo haipo.

Kwa hiyo, ukiniuliza kama utatozwa tena, jibu la haki ni hili: sheria ya bima ikirudi, inaweza kuwataka ninyi wa sokoni mchange, na ningependa mumwambie mbunge wenu kwamba hamkatai kuchangia bali mnataka mambo matatu yajulikane kwanza. Maskini atalipiwa na nani, kwa jina na kwa bajeti? Pesa za wenye mishahara zitachanganywa na zenu katika mfuko mmoja, au wao watakuwa na mfuko wao mnono na ninyi wenu mwembamba? Na mfuko utamlipa nani, kwa kipimo gani? Hilo la mwisho ndilo ningelikazia. Kadi nzuri kabisa haina maana katika kituo cha afya cha daraja la III ambacho dawa za miezi miwili zimeisha wiki ya tatu, au cha daraja la IV chenye chumba cha upasuaji kisichokuwa na mtaalamu wa nusukaputi. Ningeanza kwa kuvijaza vituo hivyo kwa pesa za kodi, ndipo nimwombe mtu mchango.

Sasa kikundi chenu. Tuseme kila mmoja anatoa shilingi 5,000 kwa mwezi. Kwa mwaka mnakuwa na 1,800,000. Mwaka mmoja hakuna anayelazwa, mnafurahi. Mwaka wa pili mmoja anafanyiwa upasuaji wa uzazi katika hospitali ya binafsi, na kabla ya mwezi kwisha mume wa mwingine anagongwa na lori kwenye foleni ya mpakani. Mfuko umekwisha, na wa tatu aliyeugua malaria kali anaambiwa hakuna kitu, ingawa amelipa kama wengine. Vikundi havivunjwi na umaskini wakati huo, huvunjwa na uchungu. Watu thelathini ni wachache mno kubeba hatari kubwa. Inahitaji maelfu ndipo idadi ya wagonjwa kwa mwaka ikae karibu na ile iliyotarajiwa.

Hata hivyo, kuwa kikundi ni mali. Huko Rukungiri, hospitali ya Kisiizi ya Kanisa la Uganda ilianzisha mpango wake wa bima mwaka 1996 kwa kutumia engozi, yale makundi ya vijiji vya milimani ambayo wanachama wake humbeba mgonjwa kwenye machela hadi hospitali na kusaidiana kwenye mazishi. Hawakumwandikisha mtu mmoja mmoja. Kundi lilijiunga kama kundi, wazima na wagonjwa pamoja, na hilo ndilo lililouzuia mfuko usijae wagonjwa peke yao. Kisha makundi mengi yakakutana katika mfuko mmoja wa hospitali, hatari ikagawanywa kwa maelfu ya watu. Mpango huo umedumu muda mrefu kuliko mipango mingi iliyotangazwa kwa mbwembwe. Haufuti tatizo la asiyeweza kulipa hata kidogo, na wasimamizi wa mipango ya jinsi hiyo hulisema waziwazi, lakini kwa watu wa kipato chenu ni kinga ya kweli.

Ningefanya hivi kama ningekuwa mwenyekiti wenu. Zile 5,000 ningezigawa. Sehemu moja ingekuwa mfuko wa dharura wa kukopeshana bila riba au kwa riba ndogo, kwa mambo madogo: usafiri wa kwenda hospitali, vipimo, dawa za kikaratasi. Iwe mkopo, isiwe zawadi, ili mfuko usife. Sehemu ya pili ningeitunza kwa ajili ya kujiunga, kama kundi zima, na mpango wa hospitali isiyotafuta faida au bima ndogo ya kampuni iliyosajiliwa. Kabla ya kutoa hata shilingi, ulizeni ofisi ya mamlaka ya kusimamia bima kama kampuni hiyo ina leseni, na soma sehemu ya yasiyolipiwa kabla ya sehemu ya yanayolipiwa. Uliza hasa kuhusu ugonjwa wa kudumu, uzazi, mifupa na wazee, maana mipango mingi ya bei nafuu humwacha mtu wa umri wa mama yako nje ya mlango. Kama hamjapata mpango wa kuaminika karibu, msilazimishe. Mfuko wa dharura peke yake tayari umewatoa mikononi mwa wakopeshaji.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Kama kuna deni la hospitali linalowafanya mfikirie kuuza ardhi, usitie saini chochote kabla hujakaa ana kwa ana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali au mhasibu wake na kuomba malipo ya awamu. Hospitali nyingi hukubali, hasa ukifika mapema ukiwa na nakala za risiti. Mkopo ukiwa wa mtu binafsi aliyeshika hati ya kiwanja, nenda kwa mwanasheria wa msaada wa bure kabla tarehe haijapita, na umpitishie mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, taarifa iliyoandikwa. Ukidaiwa pesa kwa huduma ambayo hospitali ya serikali inapaswa kuitoa bila malipo, andika jina la wodi, tarehe na kiasi, umpelekee afisa wa afya wa wilaya. Na mama mwenye nyonga iliyoungwa anapaswa kuonwa tena na daktari wa mifupa kwa tarehe aliyopewa, hata kama anasema haumwi; akipata homa, usaha kwenye kidonda au maumivu yanayoongezeka, msisubiri tarehe.

Kuhusu Bunge na bajeti, muda wenu wa kusikika ni mapema kuliko watu wanavyodhani. Hotuba inayosomwa Juni ni ya kutangaza yaliyokwisha kuamuliwa. Rasimu ya mwelekeo wa bajeti hufika Bungeni kufikia tarehe 31 Desemba, na kabla ya hapo wilaya hufanya mikutano yake ya bajeti, ambayo iko wazi kwa wananchi. Mtumeni mwakilishi mmoja wa soko, aende na kile kikaratasi cha dawa mlichoandikiwa na risiti zake, aulize kituo chenu cha daraja la IV kilipangiwa kiasi gani cha dawa mwaka huu na kilipokea kiasi gani.